Mate Kwenye Shati la Twalib

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Nyamburi alikuwa ananusa mikono yake. Ananusa viganja, anaigeuza, ananusa kati ya vidole, halafu anakata limau na kujisugua mpaka kwenye viwiko. Ndipo anashika kikombe cha kwanza. Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Kwao Butiama mkono uliokamua ng'ombe ulifutwa kwenye majani, maziwa yakanywewa, na hakuna aliyekufa. Tabia hiyo aliipata Musoma mjini, kwenye mesi ya maofisa wa pamba, na aliyempa alikuwa na jina na kiti chake mezani.

Mesi ilikuwa nyumba ya bati pale Iringo. Ukutani walibandika karatasi yenye maneno ya chama, kwamba binadamu wote ni ndugu, na inzi walikuwa wameitia madoa. Hapo walikula maofisa wasio na wake, pamoja na wale waliowaacha wake zao makwao kwa kuogopa kuwaleta Mara. Nyamburi alikuwa mpishi, mfuaji na mfagiaji. Zaidi ya mshahara alipewa chumba kimoja cha uani, kina kitanda cha kamba na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Chumba hicho alikipenda kuliko mshahara. Mume wake alipofariki, shemeji zake walikaa wakaamua nani amrithi, kama wanaamua jembe. Alikataa, akaja mjini na kanga mbili. Wengine walipata uhuru wao mwaka sitini na moja. Yeye alipata wake siku aliyopewa ule ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la kanga na alilala nao.

Mwenye kiti hicho alikuwa Bwana Twalib, ofisa wa magari na maghala, mtu wa Pwani. Wenzake wote walikuwa wanaitana Ndugu, maana Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya, ila yeye alipenda Bwana. Akikaa mezani anatoa leso nyeupe mfukoni, anachukua kikombe alichokiosha Nyamburi, anakifuta ndani taratibu, halafu anaitazama leso. Leso ilikuwa safi kila siku. Hata hivyo alimwonyesha jirani yake, kana kwamba kuna kitu wanakiona wao wawili tu.

"Nilipopata barua ya kuja Mara," alikuwa anasema, "mama alilia kama nimeshazikwa. Shangazi yangu akaniambia, mwanangu, huko ukimkanyaga mtu mguu anakukata kichwa kwanza, ndipo anauliza ulikuwa unakwenda wapi."

Meza inacheka.

"Na Butiama kwenyewe! Mmetoa mtu mmoja mwenye akili, mkafunga duka."

Meza inacheka tena, ila kidogo, huku wengine wanaangalia mlango.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Stanislausi, karani wa mizani, na Stanislausi alizaliwa Bunda. Alikuwa na meno mazuri na aliyatoa yote. "Si uongo, Bwana Twalib. Sisi watu wa huku bila panga hatusikilizani. Babu yangu mimi akikasirikaga alikuwa anang'ata mti mpaka gome linatoka!"

"Mti!"

"Mti, Bwana. Haki ya Mungu. Mti mbichi."

Nyamburi alikuwa anamjua babu huyo. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, aliyekuwa anaita majirani wamchinjie kuku kwa sababu yeye hawezi kuona damu. Sasa mjukuu wake anamuuza mezani kwa kipande cha sigara, na maofisa wananunua. Leso ya Twalib ilimuudhi Nyamburi, lakini meno ya Stanislausi yalimtia kichefuchefu. Alikuwa anatua bakuli, anaondoka, na jikoni anatema mate jivuni.

Siku moja alishuka Mwigobero, soko la ziwani, kununua samaki. Mchuuzi wake alikuwa Mwamvita, aliyezaliwa hapo hapo Musoma, ambaye babu yake alitoka Ujiji zamani na biashara ya chumvi.

"Weee, Nyamburi! Uso gani huo? Nani kakunywesha mwarobaini?"

"Mwamvita, hivi sisi hawa watu tuliwakoseaga nini?"

Mwamvita hakuuliza watu gani. Alimwaga maji juu ya sato wake wasikauke. "Hamkuwakosea kitu. Ofisa akigombana na mkubwa wake huko, anaambiwa nini? Nenda Musoma ukapoe. Sasa mtu aliyeletwa mahali kwa adhabu, atapapenda? Wewe unaweza kupenda jela? Anafika hapa hadithi yake anayo tayari sandukuni, anatafuta tu mtu wa kumvalisha. Akiona wawili wanabishana sokoni, basi, anasema si nilisema!"

"Kwani kwao hawabishanagi?"

"Wanabishana, tena kwa matusi mazito. Ila wanasema polepole." Akacheka. "Nyinyi nanyi, mama, sauti zenu! Mnasalimiana kama mnafukuzana na mwizi."

"Toka hapa!"

"Umeona? Huko ndiko kusalimia kwenu." Wakacheka wote wawili. Kisha Mwamvita akapunguza sauti. "Na wewe usijione umeonewa peke yako. Babu yangu alipofika hapa, wazee wenu walisema watu wa Ujiji wanafuga majini chini ya kitanda."

Nyamburi alitazama samaki. "Mama yangu alikuwaga anatuambia hivyo."

"Basi kitanda changu kiko pale nyumbani. Nenda ukachungulie." Akamfungia sato wawili kwenye majani, akamwongezea furu wachache bure.

Mvua za masika zilipochanganya, Twalib alikwenda upande wa Butiama kukagua ghala la pamba. Wakati wa kurudi alikuta watu barabarani wamebeba kitanda, na juu ya kitanda mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa ambao ulikuwa umegoma. Alisimamisha Landrova. Akampakia mwanamke, mama mmoja na vikorokoro vyao, akaendesha kwenye tope lile mpaka hospitali ya Musoma. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangezika wawili.

Jioni alisimulia mezani.

"Landrova nimeiosha kwa dawa, nikaiosha tena. Harufu haitoki. Moshi, samli, damu, sijui nini. Yule mama aliyemshika mgonjwa, kila nikipiga breki anaegemea bega langu. Bega hili! Nikasema leo nafia huku, nafia kwa harufu."

"Lakini ulisimama," alisema Mihayo, meneja wao, Msukuma mnene asiyependa kelele.

"Ningefanyaje? Walikuwa wamejaa barabara nzima."

Kwa jinsi alivyoeleza mahali na watu, Nyamburi alijua ni nani. Alibeba uji akaenda hospitali, akamkuta Hana, mke wa binamu yake, amelala na mtoto wa kiume kifuani, midomo imempasuka kwa homa, anacheka. "Mtu mwenye gari," Hana alisema, "Mungu ampe. Hakutuuliza hata majina." Nyamburi akamtajia jina la mtu huyo.

Nyamburi alirudi na moyo ameufungua. Alitaka kumpenda Twalib. Kesho yake alimwekea kichwa cha sato, kile kinono, pamoja na ndimu pembeni. Twalib akatoa leso akafuta sahani, akaitazama leso, akamwonyesha jirani. Nyamburi alisimama mlangoni akiitazama leso ile. Mtu huyu alikuwa ameokoa damu yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaipangusa.

Mtoto alipotolewa nje ya nyumba kuonyeshwa jua, babu yake alifunga safari. Huyo ni mzee Ngolo, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Nyamburi, na kwa hiyo ni Baba Mkubwa wake. Alipanda juu ya lori la pamba, akaulizauliza mjini mpaka akafika mesi, saa ambayo maofisa wote walikuwa wanakula. Alivaa koti la jeshi lililokatika vifungo, miguu mitupu, na mkononi alikuwa na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa majani mabichi.

Wa kwanza kumwona alikuwa Nyamburi. Na kitu cha kwanza alichokiona ni ile miguu juu ya sakafu aliyoipiga deki asubuhi. Halafu harufu: moshi, samli, zizi. Alitamani mzee atoke. Alitamani asiwe wake. Hapo akashtuka, kwa sababu hiyo haikuwa pua yake. Ilikuwa pua ya Twalib, imehamia usoni pake bila kubisha hodi.

"Ni yupi?" Ngolo aliuliza kwa Kizanaki.

"Baba Mkubwa, wanakula. Kaa jikoni kwanza."

"Sikuja kula. Ni yupi aliyembeba mtoto wetu?"

Nyamburi alionyesha kwa kidevu. Alidhani mzee atampa mkono, aseme asante, yaishe. Kibuyu alikuwa amekiona, lakini miaka ya mesi ilikuwa imemsahaulisha kibuyu kile ni cha nini.

Kwao, mtu aliyekuokolea damu hashukuriwi kwa maneno. Maneno hata adui anayo. Mzee wa mji anachanganya maji na unga wa ulezi, anayashika kinywani mpaka yapate joto la mwili wake, halafu anampulizia mtu huyo kifuani na mikononi. Anampa kilichokuwa ndani yake. Watoto wake mwenyewe wanangoja miaka kupata heshima hiyo, na wengine wanazeeka hawajaipata.

Ngolo alizibua kibuyu, akapiga funda, akasimama mbele ya Twalib, akatabasamu kwa macho. Twalib aliinua uso, tonge mkononi. Mzee akapuliza. Maji meupe yalimtapakaa shati lote mpaka kidevuni.

Kiti kilianguka. Sahani ikaanguka. Twalib aliruka juu na kupiga yowe, na kabla mtu hajaelewa, kofi lilikuwa limeshalia. Mzee alipepesuka akagonga kabati la vyombo.

Maofisa wengine wakarudi nyuma mpaka ukutani, macho yao kwenye koti la mzee, wanangoja panga. Panga halikutoka. Ngolo aliinama, akaokota kibuyu chake, akakitikisa sikioni kusikia kama kuna kilichobaki.

"Polisi!" Twalib alipiga meza. "Aitiwe polisi! Kanitemea mate! Nimekula miaka yote hii duniani, sijatemewa mate hata na mbwa!"

"Ngoja, ngoja," alisema Mihayo. "Tusikie kwanza. Nani anajua lugha yake?"

"Mimi, Ndugu Meneja," Stanislausi alisimama haraka. Akamgeukia mzee kwa Kizanaki, sauti ya asali. "Mzee, wanauliza umekuja kwa neno gani."

Ngolo aliweka mkono kwenye shavu lililopigwa, si kwa hasira, kama mtu anayepima joto. "Mwambie mwanangu huyu kwamba aliruka mapema. Mimi ndiye nimekosea, sikumwambia asimame. Baraka imefika kifuani, mikononi haijafika, na mikono ndiyo ilishika gari. Si vizuri kuiacha nusu, inaweza kumsumbua. Naomba maji kidogo nimalizie. Na mwambie mtoto tumempa jina lake. Tumemwita Twalibu."

Stanislausi aligeukia meza. "Anasema alikunywa pombe njiani, kichwa kikamzunguka. Anaomba radhi. Ni mshamba tu, Bwana Twalib, mezani kwa watu hajawahi kufika." Na kwa pembeni akamkonyeza Nyamburi, kama kusema nyamaza, namwokoa mzee wako.

Pumzi zikashuka. Mmoja akaanza kucheka, wakafuata wengine. Twalib naye alitulia kidogo. Alilivuta shati kwa vidole viwili mbali na mwili wake. "Radhi nimeisikia. Basi alifue. Hapa hapa, mimi nikimwona. La sivyo, polisi."

"Afue tu, yaishe," Mihayo alisema huku akivuta tena sahani yake. "Nyamburi, lete karai na sabuni."

Nyamburi aliingia jikoni. Karai lilikuwa kwenye msumari. Alilishika akasimama nalo. Maharage yalikuwa yanatokota motoni kwa ajili ya jioni. Akaugusa ufunguo kwenye pindo la kanga. Akifungua mdomo leo, chumba kimekwenda. Na chumba kikienda, barabara ya kurudi inapita kwa shemeji zake wanaomngoja bado. Akinyamaza, Baba Mkubwa atafua, atarudi Butiama na jina la mlevi, na kesho mezani hadithi itakuwa tamu kuliko ya babu anayeng'ata miti. Alitia maji kwenye karai. Mikono ilitia maji yenyewe.

Aliporudi, Stanislausi alikuwa ameinama sikioni mwa mzee. Alikuwa anamwambia kwa Kizanaki: "Watu wa Pwani wana desturi yao, mzee. Mtu akikubali baraka anavua shati, na aliyembariki analifua kwa mikono yake. Ni heshima kubwa. Usikatae."

Uso wa Ngolo ulinawiri. "Kumbe na wao wana zao!" alisema. "Lete, mwanangu, lete." Akavua koti, akakunja mikono ya shati lake lililochakaa, akapiga magoti mbele ya karai kwa furaha kama mtu anayeombwa kuzindua jambo. Twalib, aliyebaki na fulana, alimtupia shati kichwani. Mzee alilitoa usoni taratibu, akalibusu, akalizamisha majini.

Meza ilipasuka kwa kicheko. Mtu mmoja alimwaga chai yake. Stanislausi alicheka mpaka akajishika ubavu.

Nyamburi aliona kinyaa. Si kwa mate, si kwa harufu. Alitazama midomo ile iliyopakwa mafuta ya samaki aliyempika yeye, ulimi unaonekana, mifupa imetemwa kando ya sahani, na katikati yao mzee amepiga magoti anasugua kola, anatabasamu, akidhani wanashangilia pamoja naye. Alijiuliza ni mara ngapi amewaosha hawa vikombe.

Akamshika mzee kifundo cha mkono. "Baba Mkubwa, acha. Simama."

"Sijamaliza kola."

"Simama nakuomba."

Kisha akaigeukia meza. Sauti yake ilitoka kubwa, ile ile ya kwao, ya kuitana ng'ambo ya bonde. "Huyu mzee hajaonja pombe. Stanislausi amewadanganya, na mzee naye amemdanganya. Yale si mate ya matusi. Ni maji ya ulezi, ni baraka, sisi ndiyo tunashukuruga hivyo mtu aliyetuokoa. Yule mwanamke uliyembeba kwenye Landrova, Bwana Twalib, ni mkwe wake. Mtoto ni mzima. Ametoka Butiama kukuambia wamempa jina lako. Ulipompiga, amesema kosa ni lake, hakukuambia usimame. Na hapa anafua akidhani ndiyo desturi yenu. Anawaheshimu."

Twalib alimtazama mzee, akatazama shati ndani ya karai. "Jina langu?" alisema, na sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine. Kama angeachwa hapo kidogo, labda angesema neno.

Lakini Stanislausi hakumwacha. "Mambo hayo, Bwana Twalib! Una mtoto Butiama! Mahari utawapelekea lini?"

Kicheko kikalipuka upya, na Nyamburi aliona Twalib akikikimbilia kama mtu aliyenyeshewa anavyokimbilia baraza. "Mtoto wangu!" akasema, akaziba pua kwa vidole. "Angalau huyo nitamtambua gizani."

Basi ikawa imekwisha. Nyamburi akamwacha. Alimgeukia Stanislausi tu. "Babu yako alikuwaga akiona damu ya kuku anazimia. Siku moja uwasimulie na hiyo."

Stanislausi aliendelea kucheka, ila meno yalikuwa yamebaki peke yake, macho yameacha.

"Nyamburi," Mihayo alisema bila kuinua uso, "umemaliza? Rudi jikoni, watu hawajamaliza kula."

Alifungua pindo la kanga, akautoa ufunguo, akauweka kwenye sahani ya meneja katikati ya mifupa.

"Ukitoka mlango huo," Mihayo alisema, sasa akimtazama, "kesho chumba nampa mwingine. Sitanii."

"Mpe."

"Utakwenda wapi, wewe mwanamke? Si uliwakimbia huko kwenu?"

Alimvalisha mzee koti lake, akachukua kibuyu, akamshika mkono. Mlangoni Ngolo aligeuka akawaaga wote kwa Kizanaki, kwa heshima, na hakuna aliyeitikia.

Nje jua lilikuwa kali. Mzee alitembea hatua kadhaa, halafu akauliza, "Lile shati nani atalianika?"

"Wataanika wenyewe."

"Na shemeji zako? Wakikuona barabarani je?"

"Wataniona."

Ngolo alifikiri. "Mji wa baba yako una nyumba," alisema. "Paa tu ndilo bovu."

Walielekea kwenye malori ya Butiama. Nyuma yao mtu alianza kuita jina lake, mara ya kwanza kwa amri, mara ya pili kwa kubembeleza, kwa kuwa maharage yalikuwa yameanza kuungua na hakuna ofisa aliyejua kuyaipua. Harufu iliwafikia mpaka barabarani. Nyamburi hakugeuka. Aliongeza mwendo, akapita kona ya maduka, na mesi ile haikumwona tena.